Busaa ya Shangazi Ndani ya Kompyuta

Sisi watengenezaji wa programu tuna ugonjwa mmoja. Tukiona jambo lolote lenye vipimo na hatua, mikono inatuwasha tuliingize kwenye hifadhidata. Ndugu zangu wa Migori washanizoea. Nimewahi kuwaandikia programu ya kuhesabu michango ya matanga, nikawaandikia na nyingine ya kupanga zamu za kuteka maji. Lakini hii ninayotaka kuwasimulia leo imenichukua karibu miezi minane na bado haijaisha. Ni ya busaa.

Naam, busaa. Wale ambao pombe kwenu ni haramu nawaomba msikimbie kwanza, maana humu mna hesabu na kemia zaidi ya ulevi.

Huenda msomaji hujui kwamba ziko programu za kompyuta (wengine husema tarakilishi, wengine ngamizi, mimi nitabaki na kompyuta) zenye kazi moja tu: kupanga mapishi ya bia. Marekani iliruhusu watu wapike bia nyumbani kwa matumizi yao kwa sheria ya 1978, na tangu hapo wamekuwa jeshi zima. Miaka ya 1990 walikuwa na programu iitwayo ProMash. Mwaka 2003 Brad Smith akatoa BeerSmith, ambayo ni ya kulipia. Mimi nilichukua Brewtarget kwa sababu ni programu huria: unaipakua bure, unausoma msimbo wake, ukitaka unaubadilisha. Imeandikwa kwa C++ na inatunza data zake kwenye SQLite. Hilo la mwisho ndilo lililonivuta, maana faili ya SQLite naifungua mwenyewe bila kumwomba mtu ruhusa.

Ndani yake hakuna uchawi. Unaiambia una kilo ngapi za shayiri iliyooteshwa, lita ngapi za maji, hopsi za aina gani na hamira ipi. Yenyewe inakujibu bia itakuwa na rangi gani, uchungu kiasi gani na kilevi asilimia ngapi. Hesabu kuu ni hii. Kilo moja ya sukari ikiyeyushwa hadi kufika lita moja ya mchanganyiko, inauongezea uzito karibu pointi 384 juu ya maji matupu, yaani kutoka 1.000 kwenda 1.384. Nafaka haitoi yote hayo, kwa hiyo kila nafaka ina asilimia yake ya mavuno. Unazidisha kilo kwa 384, kwa mavuno, kwa ufanisi wa jiko lako, unagawanya kwa lita. Ukishapata uzito wa mwanzo, na baadaye uzito wa mwisho baada ya hamira kula sukari, unatoa, unazidisha kwa 131.25, unapata kilevi. Mtoto wa kidato cha pili anaiweza.

Sasa nije kwa shangazi. Sisi Wajaluo dada ya baba tunamwita waya (si waya wa umeme, jamani). Waya wangu ameolewa upande wa Homa Bay, ukitoka Rongo unafika Rodi Kopany, unakata kuelekea Ndhiwa. Karo yangu ya sekondari ilitoka kwenye pipa lake. Nakumbuka miaka ile askari wakija wanamwaga kila kitu, kesho yake anaazima unga anaanza upya, na muhula ukifunguliwa mimi niko darasani. Siku hizi anapikia kikundi cha kina mama saba. Kabla hamjaniuliza habari ya sheria: Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ile watu waliyozoea kuiita ya Mututho, iliondoa marufuku ya chang'aa iliyokuwepo tangu 1980, lakini inadai leseni kwa yeyote anayetengeneza au kuuza pombe, na tangu ugatuzi wa 2013 leseni za vileo ni kazi ya kaunti. Kikundi kina leseni, na vipimo vyote ninavyoeleza hapa tulivifanyia pale pale kwenye jiko lao.

Tatizo lilikuwa macho. Waya alipata mtoto wa jicho, jicho la kulia likafunga kabisa na la kushoto likawa linafuata. Akapewa tarehe ya upasuaji, na akaambiwa kwamba baadaye akae wiki kadhaa bila moshi, bila vumbi, bila kuinama wala kubeba kizito. Jaribu kupika busaa bila moshi na bila kuinama! Wale mama sita wengine wanaweza kazi zote: kuchota, kukanda, kukaanga, kukamua. Lakini maamuzi yote yalikuwa ya mtu mmoja. Kinyunga kimechacha vya kutosha? Waya ananusa. Kimekaangika? Waya anaangalia. Kimea kiasi gani leo? Waya anachota kwa mkono. Siku chache alizokosekana, pipa moja lilitoka kali na jingine likatoka kama maji ya kuoshea sufuria, na wateja wakaanza kuhamia kwenye kegi.

Na kegi si mshindani mdogo. Senator ilitoka 2004 kwa bei ya mwananchi, na mwaka 2019 kiwanda cha bia cha Kisumu kilifunguliwa tena, kikanunua mtama wa wakulima wa huku huku kwetu Homa Bay na Migori. Kwa hiyo mtama wa jirani unakwenda Kisumu unarudi kwenye pipa la chuma ukiwa na ladha ile ile kila siku. Mama wa busaa atashindana naye vipi kama leo kali na kesho maji?

Nikamwambia, "Waya, nipe mapishi yako niyaweke kwenye kompyuta." Akacheka. "Nyathi owadwa," akasema, yaani mtoto wa ndugu yetu, "hiyo kompyuta ina pua?"

Haya, mapishi yenyewe ni haya kwa ufupi. Unga wa mahindi unakandwa kwa maji uwe mgumu, unafunikwa siku mbili tatu uchache. Halafu kinyunga hicho kinakaangwa juu ya bati pana, moto mkali, kikigeuzwa kwa koleo mpaka kiwe chengachenga za rangi ya kahawia. Kando yake wimbi limelowekwa, likaoteshwa chini ya gunia, likakaushwa juani na kusagwa: hicho ndicho kimea. Chengachenga zikipoa zinaingia kwenye pipa na maji na kimea. Siku mbili hadi nne inachemka yenyewe bila moto, kisha inakamuliwa kwenye kitambaa. Wazee walikuwa wakiinywa kwa oseke, ile mirija mirefu, wamezunguka chungu kimoja.

Nikaketi na Brewtarget kuingiza hayo. Ikawa kila kisanduku ni ugomvi.

Kipimo cha kwanza: gorogoro. Kwetu nafaka hupimwa kwa gorogoro, ule mkebe wa takriban kilo mbili za mahindi, na kila mfanyabiashara anajua kuubonyeza tako ili uingize kidogo. Programu inajua kilo, inajua ratili za Waingereza na galoni za Wamarekani. Gorogoro haijui. Nikanunua mizani, nikapima gorogoro ya kikundi (wameificha, haijabonyezwa). Ya unga wa mahindi ilikuwa kilo 1.4, ya kimea kilichosagwa kilo 1.3. Kuongeza kipimo kipya kwenye msimbo ni kazi ya jioni moja, na nawaambia kuliona neno gorogoro limejipanga kwenye orodha na galoni kulinifurahisha kuliko mambo mengi niliyolipwa kufanya.

Kisha kuchemsha. Programu hizi zinadhani kila bia imechemshwa, na kila bia ina hopsi. Faili za BeerXML, ambazo ndizo lugha ya programu hizi kupeana mapishi, zinadai muda wa kuchemsha na ujazo wa kuchemsha katika kila pishi. Busaa haichemshwi. Niliandika sifuri. Uchungu wa hopsi, sifuri. Hamira nayo: BeerXML inakupa aina tano, ikiwemo ya mvinyo na ya Champagne. Busaa ya Rodi Kopany si Champagne. Mtafiti M. J. R. Nout alichapisha mwaka 1980 uchunguzi wa vijidudu vya busaa ya Kenya, na kinachoonekana humo ni hamira na bakteria wa asidi wakifanya kazi pamoja. Bakteria hawana kisanduku. (Mfumo mpya zaidi, BeerJSON, una nafasi ya bakteria na hata ya uchachukaji unaojianzia wenyewe. Huo umetusogelea kidogo.)

Lakini ugomvi mkubwa ulikuwa kwenye bati la kukaangia. Programu haina hatua hiyo popote. Kwake unga ni unga: una mavuno ya asilimia fulani, basi. Na hapo ndipo mjukuu mmoja wa kikundi, binti mwerevu wa chuo, alipouliza swali la maana. Kuni ni ghali, na kukaanga ndiko kunakokula kuni. Kama kompyuta haioni tofauti, kwa nini tukaange? Mama mwingine akadakia: na wimbi limepanda bei, kwa nini tusiweke kimea cha mtama? Wa tatu: au kimea kiwe nusu?

Kwa kikundi kinachogawana faida ya mia mia, hayo si maswali ya kubahatisha. Tukaamua kupima. Ndoo nne za lita 20, kila moja ikapata lita 15 za mchanganyiko. Ndoo A, mapishi ya waya: gorogoro mbili za unga na nusu gorogoro ya kimea cha wimbi. Ndoo B ile ile, lakini kinyunga hakikukaangwa. Ndoo C kimea cha mtama badala ya wimbi. Ndoo D kimea nusu ya kawaida. Nikaiuliza programu itabiri. Kwa A, B na C ikasema kilevi asilimia 4.5. Kwa D ikasema 4.1. Maana yake, kwa mujibu wa kompyuta, okoa kuni, okoa wimbi, hutapoteza kitu.

Kupima nako kulikuwa na kisa chake. Njia ya kawaida ni kupima uzito wa mwanzo kwa haidromita, lakini kwenye busaa uzito wa mwanzo haupo! Bia ya shayiri hugeuza wanga wote kuwa sukari kwanza, ndipo hamira inawekwa. Kwenye pipa la busaa kimea kinatengeneza sukari mlango huu na hamira inaila mlango ule, kwa wakati mmoja. Ukipima asubuhi ya kwanza unakuta maji tu yenye unga. Kwa hiyo ile hesabu ya kuzidisha kwa 131.25 haina pa kuanzia.

Nikatumia njia ya zamani zaidi. Unachuja busaa vizuri kwa kitambaa kisha kwa karatasi ya kuchujia kahawa, unapima uzito wake. Unachemsha kiasi ulichopima mpaka kibaki nusu, kilevi chote kimepotea hewani. Unapoza, unaongeza maji safi mpaka ujazo urudi ule ule, unapima tena. Uzito unapanda, kwa sababu kilevi ni chepesi kuliko maji na sasa hakipo. Kwa pombe hafifu kama hizi, kila pointi moja na nusu ya tofauti ni karibu asilimia moja ya kilevi. (Mzee mmoja alipita akaona sufuria inafuka akanishauri niweke bomba nikusanye ule mvuke. Nikamwambia hiyo ni biashara nyingine na leseni nyingine.)

Ndoo A: kutoka 1.016 hadi 1.021. Pointi tano, kama asilimia 3.4. Ndoo C ilitoa kama 2, ndoo D kama 2.3. Ndoo B, ile isiyokaangwa, haidromita ilisogea kidogo sana nikakisia asilimia moja. Ndoo moja moja si utafiti, najua, lakini tofauti ya namna hiyo haihitaji takwimu.

Sababu yake nimeitafuta nikaipata, na ndiyo iliyonifanya niandike haya. Wanga mbichi wa mahindi ni kama ghala lililofungwa. Vimeng'enya vya kimea, vile vinavyokata wanga kuwa sukari, haviwezi kuingia mpaka wanga uvimbe na kufunguka kwa joto, na kwa mahindi hilo huanza kwenye nyuzi sitini na kitu na kuendelea, mtama huwa juu zaidi ya hapo. Shayiri hufunguka kwenye joto lile lile ambalo vimeng'enya vyake bado vinafanya kazi, kwa hiyo Mzungu anamwaga maji moto juu ya shayiri na yote yanatokea kwenye chombo kimoja. Aliyeandika programu hakuhitaji kulifikiria. Bati la waya ndilo linalofungua ghala. Kinyunga chenye maji kikikaangwa wanga unaiva, rangi na harufu zinakuja juu yake kama nyongeza. Kiwanda kinachotumia nafaka mbichi kina chombo kizima cha kupikia kwa ajili ya hatua hiyo hiyo. Mama wa Ndhiwa ana bati la pipa lililopasuliwa.

Na wimbi? Kimea cha wimbi kina nguvu nzuri ya vimeng'enya ukilinganisha na nafaka nyingine za kwetu, cha mtama huwa dhaifu zaidi. Tena mtama mwekundu una tanini, ambayo ndege hawaipendi, na vimeng'enya navyo inavibana. Kusini magharibi mwa Uganda huloweka mtama wa aina hiyo kwa maji ya jivu kabla ya kuuotesha, na kumbe jivu linapunguza ukali huo. Jambo jingine la kuangalia: mtama ukiota, vichipukizi vyake vinakuwa na kitu kinachoweza kutoa sayanaidi, kwa hiyo lazima vikauke na kusuguliwa vitoke. Waya alipoona binti ameanza kusaga kimea cha mtama na mizizi yake alimpokonya kinu, na hakusema sababu zaidi ya "hatufanyi hivyo."

Siku ya kuonja nilimpa waya vikombe vinne bila kumwambia kipi ni kipi. Jicho lenyewe halikuwa linaona rangi. Alionja A akanyamaza, akaendelea kuinywa. D akasema kimea kimeibwa. C akasema, "Hii ya mtama, ni ya kunywa mkiwa na haraka." B aliitema. "Huu ni uji uliokosa adabu."

Nikaacha kulazimisha Brewtarget. Niliibakiza kama ghala la data, faili ile ile ya SQLite, nikaongeza jedwali langu la hatua, na programu ndogo ya Python inayosoma hapo. Haitabiri kilevi. Inachofanya ni kuuliza: una gorogoro ngapi za unga leo? Kisha inatoa karatasi moja kwa Kijaluo: kimea kiasi gani, maji madumu mangapi, na siku ya kukamua. Siku ya kukamua inategemea joto, kwa hiyo nilitumbukiza kihisi cha DS18B20 kwenye pipa, kile kisichoingia maji, kikawa kinaandika kila nusu saa. Homa Bay iko kando ya ziwa na ni joto, mita 1,160 hivi juu ya bahari, lakini Julai usiku pipa linashuka hadi nyuzi 23, na wiki ya jua linapanda hadi 30. Waya alikuwa na kanuni yake: "Ukilala na blanketi mbili, ongeza siku." Niliiweka kwenye msimbo kama ilivyo, nikaweka nyuzi 25 mahali pa blanketi, na grafu haijampinga.

Kuchacha kwa kinyunga nilipima kwa karatasi za kupima asidi. Kila mara waya aliposema "sasa," karatasi ilisoma karibu na nne. Mama wa kikundi wamezipenda zile karatasi. Kukaanga ndiko kulikonishinda kidijitali. Nilipiga picha za chengachenga, nikachapisha kwenye saiberi mbili tofauti, rangi mbili tofauti. Mwishowe tuliweka chupa tatu za kioo juu ya rafu: bado, tayari, imeungua. Ndani ni chengachenga zenyewe alizokaanga waya.

Jambo moja nililiweka juu kabisa kwa herufi nyekundu. Sokoni utauziwa mahindi yenye ukungu kwa bei ya chini, ukiambiwa ni "ya kupikia pombe tu." Mwaka 2004 sumu ya aflatoksini kwenye mahindi iliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Kukaanga hakuiondoi yote, kuchacha hakuiondoi yote. Mahindi yasiyofaa ugali hayafai busaa. Watu wanaogopa pombe ya kienyeji kwa sababu ya mauaji ya methanoli, kama yale ya Mei 2014, na hayo yalikuwa ya vinywaji vikali vilivyochanganywa na kemikali za viwandani. Busaa haina historia hiyo, lakini mahindi mabovu hayana mlango wa kutokea.

Nikiwa katikati ya haya nilisoma kazi za Lars Marius Garshol wa Norway. Naye ni mtengenezaji wa programu. Mwaka 2014 alikwenda wilaya ya Voss kwa wazee wanaopika bia ya shambani, akaandika kila hatua, akabeba hamira yao iitwayo kveik ikachunguzwe. Leo kveik inauzwa dunia nzima na imo ndani ya zile programu kama aina yake yenyewe. Kitabu chake kilitoka 2020. Wazee wale nao hawakuwa na kisanduku cha mambo yao mpaka alipotokea mtu wa kuuliza. Sidai kwamba busaa itauzwa Oslo. Nasema tu kwamba orodha ya aina tano haikushuka kutoka mbinguni, ni mtu aliikaa akaiandika.

Waya alifanyiwa upasuaji Julai. Wiki tano kikundi kilipika bila yeye. Pipa la kwanza lilikuwa zuri. La pili karatasi ilisema ongeza siku, mama mmoja akasema wateja wameshafika, wakapiga kura, wakasubiri, na wateja wawili wakaenda zao. La tatu lilikuwa chachu kupita kiasi na mpaka leo hatujui kwa nini, kihisi hakionyeshi kitu. Nashuku pipa halikusuguliwa vizuri, ila kwenye jedwali langu hakuna safu ya usafi, na mama wanakataa katakata. La nne na la tano yaliuzwa yote. Nilipopima, kilevi kilikuwa 3.2 na 3.5.

Waya aliporudi na jicho lake moja jipya, cha kwanza alichokagua ni zile chupa tatu. Aliishika ya "tayari," akaigeuza kwenye mwanga, akasema si rangi yenyewe, imekaa juani imepauka. Akakaanga nyingine. Kwa hiyo sasa karatasi ina mstari mpya: badilisha chupa kila mwezi.

Kinachofuata ni amarwa ya Wakuria, upande wetu wa Migori. Nimeambiwa kimea chao na hatua zao ni tofauti, na sitaki kuandika kitu nilichosikia kwenye matatu. Kama bibi yako au mama yako Kehancha au Isebania anapika kwa leseni na atakubali kijana mwenye mizani akae jikoni siku nne, niandikie. Vipimo viwe gorogoro, kasuku au kibuyu, haidhuru. Vyote nitavipima mwenyewe.